Linux kwenye laptopu ndogo: anza na prosesa, malizia na kivinjari

Wanaoniletea laptopu ya inchi 11 hapa Kondele wana swali moja: "Fundi, si uniongezee RAM tu?" Kwa nyingi haiwezekani. RAM imechomelewa kwenye bodi, na diski ni eMMC, yaani hifadhi iliyochomelewa vilevile, ya GB 32. Windows 11 inadai hifadhi ya GB 64 na RAM ya GB 4, na Windows 10 ilikatiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo tunaweka Linux nyepesi, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows.

Kabla hujatumia bando lako, jua prosesa uliyonayo. Fungua mipangilio ya Windows usome aina ya mfumo, au kama tayari ni Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `lscpu`. Celeron N3060 na N4000 ni za biti 64, kwa hivyo wekea Lubuntu, aina moja ya Linux, bila kufikiria sana. Vile vidude vya 2008 vyenye Intel Atom N270, kama Acer Aspire One za kwanza, ni biti 32 tu. Hivyo vipe antiX 23, Linux nyingine, iliyojengwa juu ya Debian 12 (Linux ya msingi ambayo nyingine hutokana nayo) na inayoridhika hata na RAM ya MB 512. Ila kama hujanunua, usinunue, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mozilla ilisimamisha Firefox ya Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144, na Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Kama unayo nyumbani, ifanye ya kuandikia barua na hesabu za duka.

Faili ya Lubuntu ni GB 3 hivi, ya antiX inakaribia GB 2. Mimi hupakua usiku. Ukimaliza, linganisha namba ya `sha256sum` (amri inayotoa namba ya utambulisho wa faili) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti yao, maana mtandao ukikatika katikati faili huweza kufika na kasoro usiione kwa macho. Kisha chukua flashi ya GB 8. Kwenye Windows tumia Rufus, programu ya kuandika faili hiyo kwenye flashi. Kwenye Linux, angalia jina la flashi kwa `lsblk`, halafu:

`sudo dd if=lubuntu.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress`

Weka jina la faili yako, na badala ya sdX jina la flashi. Kuwa makini hapo: dd haiulizi. Ukiipa jina la diski ya ndani, itafuta picha zako zote.

Chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Lenovo, F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Acer nayo hutumia F12, lakini mara nyingi lazima kwanza uingie F2 uiruhusu. Usisakinishe mara moja. Tumia mfumo ukiwa bado kwenye flashi, ujaribu Wi-Fi, sauti, kamera na padi ya kugusa. Wi-Fi ya Broadcom ndiyo msumbufu. Ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB, washa tethering (kugawa intaneti ya simu), upate intaneti ya kupakulia draiva.

Betri ikiwa imekufa, ngoja siku ambayo stima imetulia. Hamisha faili zako kwanza, maana kwenye GB 32 hakuna nafasi ya kubakiza Windows kando. Futa diski yote.

Sasa, mfumo wenyewe utakuwa mwepesi. Mzigo ni kivinjari, na hapa ndipo wengi hurudi kwangu wakidhani Linux imewadanganya. Kwenye Lubuntu, kwanza weka zram, inayobana data ndani ya RAM ili nafasi itoshe zaidi:

`sudo apt install zram-tools`

Fungua `/etc/default/zramswap`, weka `PERCENT=50`, kisha uwashe upya. Firefox yake imefungashwa kama snap, yaani kifurushi kinachobeba vyote inavyohitaji, hivyo hujikokota ikifunguliwa mara ya kwanza, vumilia. Ongeza uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo. Bila matangazo, kurasa za magazeti yetu hupungua uzito, na bando hudumu. Ukiona inakwama, andika `about:unloads` kwenye sehemu ya anwani, ubonyeze kitufe cha Unload (kushusha mzigo): tabo usiyoitumia itaachia RAM bila kufungwa. Video za YouTube ziache kwenye 480p. Kioo cha inchi 11 hakitakuonyesha tofauti kubwa, na feni, kama ipo, haitapiga kelele.