Somo: Kupima metali kwenye samaki wa maji baridi na kukokotoa hatari kwa mlaji

Samaki aliye ndani ya kiwango cha kisheria anaweza bado kumzidishia mlaji zebaki. Na samaki aliyeandikwa "hatari" kwenye ripoti anaweza kuwa hana kosa lolote, ila mkokotoaji alichanganya uzito mkavu na uzito mbichi. Tutakaa zaidi pale ambapo ripoti nyingi huharibikia.

Hatua ya 1: Samaki gani, na sehemu ipi

Zebaki huongezeka samaki anavyozeeka, na huongezeka tena kila samaki mmoja anapoliwa na mwingine. Risasi na kadimi hazina tabia hiyo: kadimi hupenda ini na figo, risasi hupenda mifupa na matamvua, na mnofu hubaki na kidogo. Kwa hiyo andika urefu na uzito wa kila samaki kabla ya kumkata. Ukichanganya minofu ya samaki kadhaa kuwa sampuli moja, wawe wa aina moja, na urefu wa mdogo usipungue 75% ya urefu wa mkubwa. Ukichanganya wachanga na wazee, wastani wako hauelezi samaki yeyote.

Chukua mnofu wa mgongoni, juu ya mstari wa ubavu, bila ngozi. Kisu cha chuma cha pua huweza kuacha kromi na nikeli; tumia cha kauri au plastiki. Vyombo viloweke saa 24 kwenye asidi ya nitriki ya 10%, kisha suuza kwa maji yaliyoondolewa ioni.

Hatua ya 2: Kukausha

Pima uzito mbichi kwanza. Usiache hatua hii hata ukiwa na haraka. Kikaushio cha kugandisha ndicho salama zaidi. Kama una oveni tu, usivuke 60 °C kwa sampuli ya zebaki, maana sehemu yake hupotea na mvuke. Kipande kingine tofauti kiweke 105 °C mpaka uzito usibadilike, upate asilimia ya maji. Mnofu wa samaki wengi huwa na karibu 80% maji, lakini tumia namba yako mwenyewe.

Hatua ya 3: Kuyeyusha kwa asidi

Weka 0.5 g ya unga mkavu kwenye chombo cha maikrowevu ya maabara, ongeza 7 ml za asidi ya nitriki ya 65% na 1 ml ya haidrojeni peroksaidi ya 30%. Fanya kazi ndani ya kabati la kunyonya hewa. Acha wazi dakika 15 hadi 30, povu litulie. Ukifunga mapema gesi hujaa, kizibo huachia, na zebaki huondoka nayo. Pandisha hadi 200 °C, shikilia dakika 15, acha ipoe kabisa kabla ya kufungua, kisha jaza maji mpaka 50 ml.

Kila mkupuo uwe na sampuli tupu mbili (asidi pekee, bila samaki), sampuli moja iliyorudiwa, na sampuli rejea ya samaki kama DORM-4, yaani unga wa samaki ambao kiasi chake cha metali kimeshathibitishwa. Ukipata 80% hadi 120% ya thamani iliyothibitishwa, endelea. Zinki ikitoka sawa lakini zebaki iko chini, shuku chombo kilichovuja au kilichofunguliwa kikiwa moto. Risasi ikionekana kwenye sampuli tupu, shuku asidi au vyombo. Aseniki ikiwa juu kwenye ICP-MS (mashine inayotambua metali kwa uzito wa atomi zake), angalia klorini: ikiungana na agoni, gesi inayotumiwa na mashine, hutoa uzito wa 75, sawa na aseniki, na mashine haitofautishi mpaka uwashe seli ya heli, inayochuja miungano hiyo.

Hatua ya 4: Kutoka mashine hadi sahani

Tuseme mashine imesoma zebaki 17.5 µg/L, baada ya kutoa sampuli tupu. Zidisha kwa 0.05 L, unapata 0.875 µg. Gawa kwa 0.5 g: 1.75 mg/kg, uzito mkavu. Maji ni 80%, hivyo zidisha kwa 0.2: 0.35 mg/kg, uzito mbichi. Hapa ndipo ajali kubwa hutokea. Ukiichukua 1.75 ukaizidisha na gramu za samaki mbichi, umekuza hatari mara tano.

Mlaji wa kilo 60 anayekula 150 g mara moja kwa wiki anameza 52.5 µg. Gawa kwa siku 7, kisha kwa kilo 60: 0.125 µg kwa kilo kwa siku. Dozi rejea (kiasi cha kila siku kisichotarajiwa kudhuru) ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa methili-zebaki, umbo ambalo zebaki nyingi ya mnofu wa samaki huwa nalo, ni 0.1, kwa hiyo kigawo cha hatari, yaani ulaji ukigawanywa kwa dozi rejea, ni 1.25; kikivuka 1 ni onyo. Ukitumia kiwango cha JECFA, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, 1.6 µg kwa kilo kwa wiki, mlaji huyo huyo yuko kwenye 55% tu. Taja umetumia kipi. Na kumbuka 0.35 iko chini ya 0.50 mg/kg, kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa samaki wengi. Kikomo hicho hakijui unakula mara ngapi.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, kwa risasi natumia dozi rejea ya 0.0035 mg/kg kwa siku, naikuta kwenye makala nyingi. Ni sahihi?*

Hapana, ndugu. Imetokana na kiwango cha JECFA cha 25 µg kwa kilo kwa wiki, ambacho kiliondolewa mwaka 2010 kwa sababu haikupatikana dozi inayoweza kuitwa salama. Linganisha ulaji na kipimo cha EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, cha 0.50 µg kwa kilo kwa siku, kinachohusu ubongo wa mtoto, uripoti ni mara ngapi ulaji uko chini yake.

*Swali: Kukaanga au kuchemsha hupunguza zebaki?*

Haipungui. Imeshikana na protini ya mnofu wenyewe, na kuondoa ngozi au mafuta hakusaidii. Maji yakitoka, mg/kg hupanda, ingawa jumla ndani ya kipande ni ile ile. Kutupa ini, figo na matumbo kunasaidia kwa kadimi.

*Swali: Samaki wadogo wanaoliwa wazima nao nitoe mnofu?*

Usitoe. Pima kile kinacholiwa, mifupa na vyote. Ila eleza kama matumbo yalikuwa na tope, maana risasi ya tope huingia kwenye namba yako.

*Swali: Aseniki yangu yote nimeihesabu kama ya hatari, kigawo kimetoka kikubwa sana.*

Sumu kali zaidi ni aseniki isiyo ya kikaboni, nayo kwa kawaida ni sehemu ndogo ya jumla kwenye mnofu. Itenganishe maabara. Ukishindwa, taja wazi asilimia uliyokisia na ukokotoe kwa kiwango cha juu na cha chini.

*Swali: Mjamzito aache samaki kabisa?*

Asiache, mtoto tumboni anahitaji omega-3 na iodini. Achague samaki wadogo, wasiokula samaki wenzao, na wale wakubwa wawindaji awaweke kando mpaka amalize kunyonyesha.