Kabla Hujampandisha Mbwa Wako, Hesabu Milango

Uzao wa kwanza mbwa wangu Pilipili alizaa watoto saba, nikabaki na wanne. Wawili walikufa kwa baridi, mmoja alilaliwa na mama yake. Vifo vyote vitatu ningeweza kuvizuia, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nauza mahindi na mchele hapa Malaba, upande wetu wa Uganda, kando ya barabara wanapopanga foleni malori. Mbwa nilimfuga kwa sababu ya wezi. Madereva ndio walionitia tamaa: "Mama, huyo akizaa niwekee mmoja." Nikahesabu ahadi tisa. Watoto walipofika wiki nane wakaja watu wawili. Wengine walikuwa Juba, wengine Mombasa, wengine simu haipatikani. Kwa hiyo anza na milango: nani atamchukua mtoto, ana ua, na ametoa hata pesa kidogo ya kumfunga na neno lake? Jike mkubwa anaweza kukuletea wanane au kumi, na kuanzia wiki ya nne wote wanakula chakula chako.

Kisha mtazame jike mwenyewe. Joto la kwanza, yaani kipindi cha kupokea dume, huja kati ya miezi sita na mwaka hivi, na hapo bado ni mtoto. Liache lipite. Mimi sasa nasema asiguswe na dume kabla ya mwaka mmoja na nusu. Apate chanjo zake zote mapema, ya kichaa cha mbwa na zile za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, atolewe minyoo, na kupe waishe mwilini.

Dume naye akaguliwe, hata kama ni wa rafiki yako na ni Jamani Shepadi mwenye kifua kipana. Kuna saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana. Utaona kinyama chekundu sehemu za siri, kinachubuka na kutoa damu kidogo kidogo. Inatibika kwa sindano za daktari wa mifugo, lakini huchukua wiki kadhaa. Kuna pia brusela, inayoharibu mimba na inaweza kumpata hata binadamu. Hiyo huioni kwa macho, inahitaji kipimo cha damu. Mwenye dume akikasirika ukimwomba kipimo, tafuta dume mwingine.

Joto huchukua kama wiki tatu, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Siku za mwanzo damu inatoka, madume wanamzunguka, naye anawafukuza. Unafikiri ukiona damu inapauka mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yameanza: kuanzia siku ya tisa au ya kumi hivi anaupeleka mkia pembeni na kusimama. Mfungie ndani wiki zote tatu. Mimi nilimpeleka kwa dume niliyemchagua, nikarudi naye nikijisifu, nikamwachia uani. Uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na wawili kati ya saba walitoka na mabaka ya mbwa wa buchani, sikio moja limelala vilevile.

Wakishapandana hushikana, dakika tano hata nusu saa. Vijana wa boda walitaka kuwamwagia maji. Usiruhusu mtu awavute wala kuwapiga, utawaumiza wote wawili. Simama karibu, ngoja, wataachana wenyewe. Andika tarehe ukutani. Mimba ni siku 63, zikipungua au kuzidi chache.

Chakula usikiongeze sana mwanzoni. Wiki tatu za mwisho ndipo anapohitaji zaidi, kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo limebanwa. Posho tupu, yaani ugali, haitoshi. Mimi huchanganya na mukene (dagaa), mayai na matumbo yaliyochemshwa. Vidonge vya kalsiamu usimpe wakati wa mimba kwa kudhani unamsaidia. Mwili huzoea kuletewa na kuacha kujitafutia, kisha akianza kunyonyesha damu inaishiwa kalsiamu. Akinyonyesha ukaona anatetemeka, miguu inakakamaa, anahema ovyo, usingoje asubuhi. Mkimbize kwa daktari.

Huyo daktari ongea naye kabla, umuulize kama hupokea simu usiku na nani atakupeleka. Wiki ya mwisho mpime jike joto la mwili asubuhi na jioni. Kawaida ni nyuzi 38 na kitu. Likishuka kuelekea 37, tegemea uchungu ndani ya siku moja. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, au saa mbili zikapita na unajua wengine wamo tumboni, au ute wa kijani ukatoka kabla ya mtoto wa kwanza, piga simu.

Usiku wangu ule mvua ilinyesha na umeme ukakatika saa nane. Nilikuwa nimewawashia balbu, nikalala nikijua wako salama. Kitoto cha mbwa hakiwezi kujipa joto wiki mbili za mwanzo; nilipoamka wawili walikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Uzao wa pili niliweka chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, nikazibadilisha kila zilipopoa, na kwenye sanduku nikapigilia ubao kuzunguka kuta, juu kidogo ya sakafu, ili mama akijiegemeza mtoto apate pa kupenya. Nikaleta na mizani ndogo ninayopimia njugu. Kila asubuhi mtoto mmoja mmoja, namba kwenye daftari la madeni. Asiyeongezeka uzito ndiye mgonjwa, hata kama halii. Kufikia siku ya 10 hadi 14 anapaswa kukaribia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao.

Minyoo huwapata tangu tumboni, kwa hiyo dawa huanza wiki ya pili na kurudiwa. Chanjo ya kwanza ni wiki ya sita au ya nane. Kabla ya hapo wageni hawaingii na viatu kwangu, kwa sababu parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Watu wananiona nina maringo. Sawa.

Baada ya uzao wa pili nilimfunga kizazi Pilipili. Juzi dereva mmoja wa njia ya Juba alishuka, akauliza mtoto wake yuko wapi, yule niliyeambiwa nimwekee. Nikamwonyesha chini ya meza ya mizani, mwenye mabaka, sikio limelala. Ana miaka mitatu sasa.