Jinsi ya Kuomba Nakala za Kumbukumbu za Umma Nchini Kenya

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuidai. Ombi hukwama kwa urahisi mwombaji anapouliza swali badala ya kutaja hati anayoitaka.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, fikiria jinsi masjala, yaani ofisi inayotunza faili, inavyofanya kazi. Karani wa masjala hatafuti majibu, bali hutafuta faili. Swali la kwa nini barabara ya wadi yenu haijakamilika halina faili. Lakini mkataba wa ujenzi, vocha za malipo na cheti cha kukamilika kwa kazi, vya mwaka wa fedha wa 2022/2023, kila kimoja kina mahali pake. Ikiwa unayo barua yoyote ya ofisi hiyo kuhusu jambo lenyewe, tazama namba ya kumbukumbu iliyo juu yake, uinakili ilivyo, pamoja na mikwaju yake (/), kwa sababu mara nyingi ndiyo itakayomfikisha karani kwenye faili.

Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, ukilielekeza kwa mkuu wa taasisi, ambaye kisheria ndiye afisa wa upatikanaji wa habari. Taja jina lako, uraia wako, anwani, hati unazozitaka na kipindi chake. Hulazimiki kueleza sababu ya kuomba, na ombi haliwezi kukataliwa kwa kuwa tu hukutumia fomu ya ofisi. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa na kupewa nakala.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka, kisha uihifadhi vizuri. Usiondoke bila muhuri huo, kwani siku huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.

Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, au saa 48 endapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Muda unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, na ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa. Kuwasilisha ombi hakulipiwi; unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kutuma.

Ukiambiwa faili haionekani, usikubali jibu la mdomo. Sheria inaitaka kila taasisi ya umma itunze kumbukumbu sahihi na zinazoweza kutumika, kwa hiyo omba kwa maandishi nakala ya rejista inayoonyesha faili ilitoka lini na ilichukuliwa na nani. Jibu la kukataa nalo lazima litaje sababu, mathalani usalama wa taifa au faragha ya mtu mwingine.

Usiporidhika, una siku 30 tangu kuarifiwa uamuzi kuiomba Tume ya Haki za Kiutawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, iupitie upya. Ambatisha nakala ile yenye muhuri, pamoja na jibu lolote ulilopewa.