Maji Hufuata Waya: Kupitisha Waya wa Dishi Ukutani

Waya wa dishi uliopitishwa dirishani hauharibiki siku hiyo hiyo. Kila dirisha la chuma linapofungwa, fremu huufinya kidogo, wavu wa nje unasogelea kiini cha katikati, na baada ya miezi kadhaa picha inaanza kuganda. Tundu moja la ukutani huondoa shida hiyo kwa miaka. Lakini tundu likitobolewa vibaya litaleta shida nyingine: maji ya mvua yatashuka na waya hadi ndani, plasta ilowe, rangi ivimbe na kubambuka. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inajibu swali moja: maji yatadondokea wapi?

Kabla ya kushika drili, tafuta kwanza paipu iliyofukiwa. Nyumba nyingi za kupanga Nairobi zina paipu ya plastiki ya milimita 20 inayotoka paani hadi kwenye kisanduku cha TV sebuleni, kimefunikwa kwa kifuniko cheupe. Fungua skrubu zake mbili uone. Ukikuta waya wa kuvutia ndani, funga waya wa dishi kwake, zungushia tepu ili kifundo kiwe chembamba mbele kama ncha ya penseli, paka sabuni ya maji, kisha mmoja avute na mwingine asukume. Usitumie mafuta, hula plastiki ya waya. Kama hakuna paipu, utatoboa, na kama umepanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba au keateka kabla ya kutoboa, si baada.

Nunua waya wa RG6, si RG59 iliyo nyembamba. Wauzaji wa Luthuli Avenue wana aina nyingi, na bei hutofautiana sana kwa sababu ya kiini. Nenda na sumaku ndogo: ikinasa kwenye kiini, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mita 10 hakina neno. Kwa mita 30 au zaidi, umeme unaotoka kwenye dekoda kwenda LNB, yaani kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, hupungua njiani. Dekoda hutuma volti 13 kwa mkondo mmoja wa mawimbi na volti 18 kwa mwingine, kwa hiyo zile 18 zikifika pungufu, LNB haibadilishi mkondo na chaneli karibu nusu zinapotea huku nyingine zikionekana safi kabisa. Watu wengi hulilaumu dishi hapo, na dishi halina kosa.

Sasa mahali pa tundu. Usitoboe nguzo, boriti, wala linta ya juu ya dirisha. Humo mna vyuma, na vinabeba nyumba. Usitoboe juu, chini wala usawa wa soketi au swichi, kwa sababu nyaya za umeme hupita kwa mistari iliyonyooka kutoka hapo. Kaa mbali nazo angalau sentimita 30. Epuka pia ukuta wa bafu na jikoni wenye paipu za maji. Pazuri ni nyuma ya TV, juu kidogo ya meza yake, ambapo tundu halitaonekana.

Ukuta wa mawe ya inchi sita kwa tisa, pamoja na plasta pande zote mbili, unafika karibu sentimita 18. Wa tisa kwa tisa unafika karibu 26. Biti ya kawaida ya duka la hadwea haivuki hapo, kwa hiyo azima au kodi drili ya nyundo yenye biti ya urefu wa milimita 400 au zaidi. Utahitaji biti mbili: ya milimita 6 ya kuongoza, na ya milimita 22 ikiwa utaweka kipande cha paipu ya milimita 20 ndani ya tundu. Weka hiyo paipu. Waya peke yake una unene wa karibu milimita 7 na ungepita kwenye tundu la 10, lakini siku ukihitaji kuubadilisha au kuongeza wa pili, paipu itakuokoa kutoboa tena.

Anza kutoboa kutoka ndani. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi ili isipasuke, vaa miwani na barakoa, kwa maana vumbi la mawe ni baya kwa mapafu. Toboa sentimita moja kwa kunyoosha biti, kisha inua mpini wa drili kidogo ili biti iteremke ikielekea nje. Kwa ukuta wa inchi 9, mdomo wa nje uwe chini ya mdomo wa ndani kwa sentimita 2 hivi. Biti ndogo ikitokea nje, simama. Panua tundu kwa biti kubwa kutoka ndani hadi katikati, halafu zunguka nje umalizie kutoka huko. Ukiisukuma biti ya 22 moja kwa moja hadi itokee, itang'oa bamba la plasta ya nje ukubwa wa sahani, na hiyo ndiyo doa unayoiona kwenye kuta nyingi. Kazi ikiwa ghorofani, upande wa nje afanye fundi mwenye ngazi imara na mtu wa kuishika.

Pitisha waya kabla ya kufunga konekta. Nje, usiuingize ukutani moja kwa moja kutoka juu. Ushushe upite tundu kwa sentimita 10 hadi 15, ukunje taratibu, kisha upande kuingia. Maji yatashuka hadi chini ya kitanzi hicho na kudondoka hapo. Mkunjo usiwe mkali. Nusu kipenyo chake kisipungue sentimita 7, la sivyo waya unaumia ndani bila dalili kwa nje. Fanya kitanzi kingine karibu na LNB. Dishi la DStv hapa Nairobi hutazama karibu utosini, kwa kuwa satelaiti yake iko nyuzi 36 mashariki na jiji liko karibu nyuzi 37, kusini kidogo tu mwa ikweta. Kwa mlalo huo konekta ya LNB haitazami chini sawasawa, na maji hupata njia. Ivalishe kofia ya mpira.

Konekta ndiyo huharibu kazi nzuri. Chomoa dekoda kwenye umeme kwanza. Menya ganda la nje milimita 15, kunja wavu wote urudi nyuma, kisha menya plastiki nyeupe ubakize milimita 7 hivi. Angalia kwa macho makali, hata kwa tochi ya simu: uzi mmoja tu wa wavu ukigusa kiini, ni shoti, na dekoda itakataa kulisha LNB. Sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe iwe sawa na sakafu yake ya ndani. Kiini kitokeze milimita 2 hadi 3 nje ya mdomo. Kikiwa kifupi hakishiki, kikiwa kirefu hupindia ndani ya LNB.

Kabla ya kuziba chochote, washa dekoda uangalie nguvu na ubora wa mawimbi. Ndipo ubane waya kwa klipu za milimita 7, kila sentimita 40, bila kuufinya. Misumari ya klipu hupinda kwenye plasta ngumu, basi toboa kidogo kwa biti ya milimita 3. Ndani, tumia tranki nyembamba (mfereji wa plastiki wa kufunika waya), mbali na nyaya za umeme kwa sentimita 15. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Ziba nje kwa silikoni ya kustahimili jua kuzunguka paipu na mdomoni. Povu la kupanuka huliwa na jua. Ndani, ziba kwa jasi kidogo upake rangi, maana silikoni haishiki rangi. Acha siku nzima ikauke. Kisha mwaga jagi la maji juu ya waya, juu ya kitanzi, uangalie tone la kwanza linadondoka wapi. Likidondoka mdomoni mwa tundu badala ya chini ya kitanzi, kishushe zaidi.