Jinsi ya kuhakikisha draiva yako ya Linux inapata famiwea kompyuta inapoamka

Chipu nyingi za Wi-Fi na Bluetooth hazihifadhi zenyewe famiwea, yaani programu inayoziendesha kwa ndani. Draiva, programu ya Linux inayosimamia kifaa, ndiyo inayoisoma kutoka /lib/firmware na kuipakia. Kompyuta ikilala usingizi mzito (S3), kifaa kinaweza kukatiwa umeme na famiwea yote ikapotea. Ikiamka, draiva inatakiwa kuipakia upya, na kasheshe huanzia hapo: fanksheni yako ya `resume` inaitwa wakati programu za mtumiaji bado zimegandishwa, na pengine diski nayo haijaamka. Kuomba faili muda huo ni kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamelala.

Tangu toleo la 3.7 (2012), kerneli (kiini cha Linux) ina kashe ya famiwea, yaani hifadhi ya muda kwenye RAM, kwa ajili ya jambo hili. Ila inafanya kazi ukifuata masharti yake tu.

Hatua ya 1: omba famiwea ndani ya probe (fanksheni inayoitwa draiva inapounganishwa na kifaa)

```c
ret = request_firmware(&fw, "kifaa/kuu.bin", &pdev->dev);
if (ret)
        return ret;
ret = pakia(priv, fw);
release_firmware(fw);
```

Usiweke NULL pale penye kifaa. Ombi likifanikiwa, kerneli hulifunga jina la faili kwenye kifaa hicho. Kabla ya kulala, programu zikiwa bado hai, inapitia vifaa vyote, inasoma kila faili lililowahi kuombwa na kuliweka kwenye RAM. `resume` ikiita `request_firmware` kwa jina lilelile, inapewa nakala hiyo. Takriban sekunde 10 baada ya kuamka, kashe inafutwa.

Kwa hiyo `release_firmware` haiharibu kitu. Kinachokumbukwa ni jina.

Hatua ya 2: kagua njia zinazoikwepa kashe

`request_firmware_into_buf` haipiti kwenye kashe, basi ukiitumia, beba nakala yako. Hakikisha pia kerneli imejengwa na `CONFIG_FW_CACHE`. Chaguo hilo linaweza kuzimwa.

Hatua ya 3: muulize kifaa kama famiwea ingali hai

Kwenye s2idle (usingizi mwepesi kuliko S3) kifaa kinaweza kubaki na umeme wake, na kukipakia upya ni kupoteza muda, au hata kukivuruga. Soma rejista ya hali kwanza, kisha amua.

Mtego wenyewe uko upande wa pili. Baadhi ya vifaa hutunza famiwea hata kompyuta ikiwashwa upya. `probe` inakuta chipu iko tayari, inaruka upakiaji, kila kitu kinakwenda sawa. Lakini jina halikuombwa, kwa hiyo halikufungwa kwenye kifaa. Usingizi wa kwanza unaokata umeme, kifaa kinaamka mtupu na kashe haina cha kukipa. Hitilafu hii ni msumbufu kuifukuzia, kwa sababu mashine iliyowashwa kutoka kuzimwa kabisa haiioneshi. Dawa yake ni mstari mmoja:

```c
if (famiwea_ipo(priv))
        firmware_request_cache(&pdev->dev, "kifaa/kuu.bin");
```

Hatua ya 4: chagua kati ya kashe na nakala yako

Kashe husoma diski wakati wa kwenda kulala, si wakati wa `probe`. Mtumiaji akisasisha kifurushi cha famiwea mchana na kufunga laptopu jioni, kifaa kitaamka na toleo jipya huku draiva ikiwa na hali ya toleo la zamani. Kwa vifaa vingi hakuna neno. Kama muundo wa ujumbe hubadilika kati ya matoleo, mimi hutunza nakala tangu `probe` na kukubali kula RAM kidogo. Vinginevyo iachie kashe kazi yake.

Hatua ya 5: shughulikia kushindwa

Ukiona `failed with error -2` kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli), faili halikupatikana. Usirudishe kosa tu na kuondoka. Weka alama kwamba kifaa hakiko tayari, ili `suspend` inayofuata isiguse rejista za chipu isiyojibu.

Hatua ya 6: jaribu kwa ukali

Kuandika `devices` kwenye /sys/power/pm_test, kisha `mem` kwenye /sys/power/state, huendesha fanksheni zako za kulala na kuamka bila kompyuta kulala kweli, kwa hiyo umeme unaweza usikatike. Inafaa kwa kuanzia tu. Jaribio la kweli ni hili:

```
sync
echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches
rtcwake -m mem -s 30
```

Mstari wa tatu huilaza kompyuta na kuiamsha baada ya sekunde 30. Usiruke mstari wa pili, unaofuta nakala za faili zilizobaki kwenye RAM. Faili likiwa bado kwenye kurasa za RAM, ombi la `resume` linaweza kufanikiwa hata kama kashe ya famiwea haina kitu, na hitilafu ikajificha hadi ifike kwa mtumiaji. Kama umechagua nakala yako mwenyewe, badilisha jina la faili la famiwea baada ya `probe`, kisha rudia: kifaa kinapaswa kuamka kama kawaida.