Kusogeza jino kwa waya bila kuukwamisha mfupa wa taya

Jino likisukumwa, seli tatu za mfupa ndizo huamua litakwenda au litagoma. Osteosaiti zimezikwa ndani ya mfupa, zimeshikana kwa nyuzi nyembamba, na huhisi mkandamizo. Osteoklasti humeng'enya mfupa, osteoblasti huujenga. Upande jino linakoelekea, osteosaiti pamoja na seli za kano inayoshika mzizi hutoa protini ya RANKL, ambayo huamsha osteoklasti. Breki iko kwa osteoblasti: hutoa protini ya OPG, inayoinasa RANKL njiani. Upande wa nyuma, kano inakovutwa, breki huzidi na mfupa mpya huziba pengo.

Basi pima nguvu, usikisie. Nasa mpira au springi kwenye kipimo cha gramu, vuta hadi pale utakapofungwa, soma. Kuinamisha jino hutaka takriban gramu 35 hadi 60. Kulisogeza likiwa wima na mzizi wake, 70 hadi 120. Kulizamisha ndani ya taya ni 10 hadi 20 tu, maana mzigo wote huangukia ncha ya mzizi.

Wengi huharibu kwa haraka. Kano ile haizidi nusu milimita kwa upana. Ukiibana mno, mishipa ya damu huziba na seli hufa, na seli iliyokufa haiiti mwenzake. Inabidi osteoklasti zije kutoka upande wa uboho, zichimbe kwa nyuma. Jino hukaa palepale wiki moja, mbili au zaidi, mgonjwa akiuguza maumivu, halafu husogea ghafla. Mzizi nao unaweza kuliwa ukafupika. Kwa hiyo jino likigoma, usikimbilie kuongeza gramu. Tazama kwanza kama waya umekwama kwenye braketi, kile kishikizo cha waya kilichogandishwa kwenye jino, au kama jino la juu linaligonga la chini.

Muda nao una uzito wake. Nguvu isiyofika saa 4 hadi 6 mfululizo kwa siku haiziamshi seli, ndiyo maana kutafuna hakusogezi meno. Mpira wa kuvaa mwenyewe uvuliwe wakati wa kula na kupiga mswaki tu, ubadilishwe kila siku kwa kuwa hulegea. Mwite mgonjwa baada ya wiki 4 hadi 6. Milimita 1 kwa mwezi ni mwendo mzuri.

Uliza dawa anazotumia mgonjwa kabla ya kuanza. Alendronati, dawa ya mifupa dhaifu, hulemaza osteoklasti. Denosumabu, nayo ya mifupa, huinasa RANKL yenyewe, kama OPG. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa kuliko ibuprofeni ya siku nyingi, inayozuia prostaglandini, wajumbe wengine wa seli hizi.

Waya ukitolewa, mfupa bado mchanga na nyuzi za fizi bado zinavuta. Kifaa cha kushikilia meno kivaliwe mchana na usiku miezi 3 hadi 4, kisha usiku hadi mwaka utimie walau. Jino lililozungushwa ndilo hurudi upesi zaidi.