Ufukwe wa sherehe ya wazazi: anza na magoti ya mama

Julai 2024 wazazi wetu walitimiza miaka 40 ya ndoa, na kwenye kundi la familia kazi ya kutafuta ufukwe nikatupiwa mimi. Sababu waliyotoa ni kwamba nakaa Kigoma, Mwanga, kwa hiyo "uko karibu na maji". Dada mkubwa, anayekaa Dar, alikuwa ameshatuma picha kumi na mbili za Zanzibar hata kabla hatujapanga michango. Picha nzuri kweli. Hakuna hata moja iliyoonyesha mtu anashukaje kutoka kwenye gari hadi kwenye mchanga.

Mimi nilianzia hapo. Mama ana magoti mabovu. Baba, mstaafu wa reli, anatembea vizuri ila jua halitaki kabisa. Wajukuu tisa, mdogo ana miaka miwili na anakimbilia maji kama bata. Ukipewa kazi hii usianze kuuliza wapi pazuri. Chukua karatasi, andika jina la anayetembea kwa shida kuliko wote, chini yake jina la mtoto mdogo kuliko wote. Pakiwafaa hao wawili, sisi wengine tutajipanga wenyewe.

Zanzibar sikuikataa kwa wivu. Niliweka hesabu mezani: kutoka Kigoma hadi Dar kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, halafu boti, halafu gari hadi hotelini. Kwa ndege inawezekana, ila zidisha nauli mara watu kumi na wanane uone kundi litakavyokuwa kimya. Na kuna jambo la pili ambalo watu wa bara hatulijui mpaka litukute: bahari inaondoka. Dada mwenyewe aliwahi kwenda na shemeji upande wa mashariki, Paje, wakaamka asubuhi wakakuta maji yamepwa hadi mbali, wanawake wako kwenye mashamba yao ya mwani, na wao na mavazi yao ya kuogelea wamesimama kwenye tope. Ukienda pwani, angalia mwezi kabla ya kulipa. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndipo kunapokuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwa Zanzibar siku hizo maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za katikati, kati ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni maji mafu, bahari haihami sana. Nungwi na Kendwa, kaskazini, zinaogeleka hata maji yakipwa, na jua linazama mbele yako. Mashariki utapata macheo, siyo machweo. Kama picha ya wazee wawili na jua linazama ndiyo mnayoitaka, hilo peke yake linakata nusu ya hoteli mlizotumiana.

Sherehe yetu ilikuwa Jumamosi tarehe 20. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 21. Nilipoandika hivyo kwenye kundi, dada akajibu kwa kidole gumba tu.

Ziwa halipwi. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya Tanganyika kwa mtu mwenye mtoto na mzee: maji uliyoyaona asubuhi ndiyo utakayoyakuta jioni. Lakini lina mambo yake. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470 pale penye kina kikubwa, na sehemu nyingi ukingo unashuka ghafla. Mtu mzima anayejua kuogelea aingie kwanza, apime kwa miguu, achomeke fimbo mahali ambapo watoto hawavuki. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye fimbo ile, na mkwe mmoja kazi yake ilikuwa kukaa hapo, basi.

Kichocho nacho usikichukulie kama hadithi ya shuleni. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, karibu na makazi na midomo ya mito. Chagua penye mchanga au mawe safi na mawimbi yanayopiga. Ukiwa na wasiwasi, pima baada ya wiki sita au zaidi; mapema mno kipimo kinaweza kisione kitu.

Maeneo sasa. Hifadhi ya Mahale nilikuwa naitaka mimi, mchanga na milima nyuma, ila ni safari ndefu ya boti na mama hataki boti. Baba alitaka twende na Liemba, meli ya Wajerumani iliyojengwa 1913, lakini ilikuwa kwenye matengenezo. Hifadhi ya Gombe ni karibu zaidi, ila watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, mwenye mafua naye haruhusiwi, na nyani wa pale ufukweni hawana aibu na sufuria ya mtu. Ukabaki ufukwe wa Jakobsen, mbele ya Katonga, na sehemu ndogo tambarare upande wa Bangwe ambako gari linafika hadi chini ya mwembe. Jakobsen ndiyo nzuri, maji yanaonekana hadi chini, ila kuna mteremko. Tukaamua Jumamosi Bangwe na wazee, Jumapili vijana Jakobsen.

Nenda ukapaone mwenyewe wiki hiyo hiyo. Ziwa limepanda sana miaka hii, na mchanga uliomo kwenye picha ya 2018 huenda sasa samaki wanapita juu yake. Nenda saa ile ile ya sherehe, kwa sababu kiangazi upepo wa kusini ukiamka, turubai lisilofungwa vizuri linakwenda Kongo. Kaa dakika kumi kwenye kivuli uone kinahamia wapi. Uliza choo kiko wapi, kisha tembea hadi hapo ukihesabu hatua za mama, siyo zako.

Chakula kilinishinda. Nilikuwa nimeahidi migebuka ya kuchoma kwa familia nzima, nikasahau kwamba mwaka ule ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Na hata lisingefungwa, dagaa wabichi nisingewapata: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawakusanyiki. Tukala kuku, ugali wa muhogo, na dagaa wakavu niliokuwa nimewaweka tangu Aprili, wamekaangwa kwa mawese. Baba alisema hao ndio alioolea. Wewe panga samaki kwa kuuliza sokoni mwezi mmoja kabla.

Picha pigeni mapema kidogo. Kigoma tuko magharibi kabisa, jua la Julai linazama saa moja imepita, nyuma ya milima ya Kongo, na wageni wa Dar huanza kufungasha saa kumi na mbili wakidhani limeisha. Anza saa kumi na mbili na nusu, rangi ikiwa bado laini. Siku yetu mwezi ulikuwa umeshatoka nyuma yetu kabla jua halijazama, hata tochi hatukuwasha.

Jumapili asubuhi tukiwa tunajipakia kwenda Jakobsen, mama akatoka ndani amevaa kanga mpya, akauliza gari lipi lake. Tulimwambia habari ya mteremko. Akasema anaujua, ameusikia wiki nzima. Kaka zangu wawili na wajukuu wawili wakubwa wakambeba kwenye kiti cha plastiki, wakwe zake wakibaki nyuma kwa heshima, wameshika viatu na mkoba. Basi bebeni kiti, na kiwe chenye mikono: kile cha kwanza hakikuwa nayo, tukarudi mjini kutafuta kingine.